Kalenda Mbili Zisizosikilizana

Mhariri wa gazeti hili alituandikia sisi tuliokwisha toka shuleni, akitaka kila mmoja aeleze kazi yake ili wanafunzi wajue mambo yanayowangoja huko mbele. Wenzangu wamekwisha andika habari za udaktari, ualimu na ufundi wa umeme. Kazi yangu mimi haina sifa kubwa, wala sijapata kumsikia mtoto akisema kwamba atakapokuwa mkubwa angependa kuifanya. Mimi ni karani wa kompyuta katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Napaswa kuangalia kwamba barua pepe zinafika, na kwamba kalenda za wakubwa na wadogo zasema neno moja. Watu wengi hudhani kuwa hilo ni jambo dogo. Mimi nimeliona likimpotezea kijana mmoja mwaka mzima wa masomo, naye hakuwa na kosa lo lote. Kwa hiyo nimekubali kuandika.

Kwanza yafaa nieleze tofauti iliyopo baina ya barua na miadi. Barua ikiisha fika na kusomwa, kazi yake imekwisha. Miadi si hivyo. Miadi ni kitu kinachoishi: huwekwa, hukubaliwa, husogezwa mbele, hurudishwa nyuma, hufutwa, na kila mara watu wote walioitwa hawana budi kuona badiliko lile lile. Mtu mmoja akibaki na habari ya jana, mkutano umeharibika. Ndiyo sababu kupeleka barua kutoka mtambo mmoja mpaka mwingine ni rahisi, na kuzipatanisha kalenda mbili ni kazi ngumu.

Barua zilipata bahati ya kuwekewa kanuni mapema. Hata barua za karatasi zilikuwa na taabu zamani, maana kila nchi ilikuwa na bei zake na masharti yake, mpaka mwaka 1874 nchi 22 zilipotia sahihi mkataba wa posta mjini Berne, Uswisi. Barua pepe nayo ilipita njia kama hiyo. Mwaka 1971 Bwana Ray Tomlinson, fundi wa kompyuta katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, alipeleka barua kutoka kompyuta moja mpaka ya pili iliyokuwa karibu nayo chumbani, akachagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mahali. Mwaka 1982 Bwana Jon Postel aliandika kanuni ya namna kompyuta moja inavyoikabidhi nyingine barua. Kanuni hiyo huitwa SMTP, na barua pepe za leo bado husafiri kwa kanuni iliyotokana nayo. Kwa hiyo mtu wa Tabora akimwandikia mtu wa Muscat, hana haja ya kuuliza kama mwenziwe anatumia mtambo wa namna gani.

Kalenda hazikupata bahati hiyo mapema. Kampuni kubwa zilitengeneza kila moja yake. Mwaka 1989 kampuni ya Lotus ilianza kuuza programu iitwayo Notes, iliyobuniwa na Bwana Ray Ozzie na wenzake. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa mtambo wake uitwao Exchange, na mwaka uliofuata ikatoa Outlook, yenye barua na kalenda pamoja. Mitambo yote miwili ilikuwa hodari, lakini kila mmoja uliandika miadi kwa desturi yake. Nitatoa mfano mmoja. Katika Notes mtu aliweza kuweka mkutano wa kurudiarudia kwa kuchagua tarehe zo zote azitakazo, hata kama hazifuati mpango. Outlook hutaka kanuni: kila Jumatatu, au kila tarehe 5 ya mwezi. Basi mkutano wa tarehe zilizochaguliwa ovyo ukitolewa huku na kutiwa kule, hauna kanuni ya kuubeba. Huvunjika ukawa mikutano mingi mbalimbali, na mwenye kutaka kuufuta hulazimika kuufuta mmoja mmoja.

Twaweza kuwacheka watu wa kampuni hizo, lakini tukitazama nyumbani kwetu tutaona kwamba sisi wenyewe tumekaa na kalenda mbili katika kinywa kimoja tangu zamani. Hesabuni siku za juma. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, Jumatatu, Jumanne, kisha Jumatano ni ya tano. Halafu yaja Alhamisi, jina lililotoka kwa Waarabu, na maana yake katika lugha yao ni ya tano vile vile, kwa sababu wao huanza kuhesabu Jumapili. Basi juma letu lina siku mbili za tano, na hakuna aliyepata kugombana kwa ajili hiyo. Kadhalika, watu wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, wazee wana maana ya usiku unaofuata Alhamisi, kwa kuwa siku kwao huanza jua linapotua. Mgeni asiyejua hayo akialikwa arusi ya usiku wa Ijumaa, atafika kesho yake, akute watu wanakunja majamvi.

Tena tunazo saa zetu. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu halibadili sana wakati wake mwaka mzima. Saa ya mkononi huonyesha 8, mwenyewe akasema saa mbili. Kila siku twafanya hesabu hiyo ya kutoa sita, wala hatujui kwamba twaifanya. Mbona hatukosani? Hatukosani kwa sababu wote twaijua kanuni, na kwa sababu twajua anayesema ni nani. Kompyuta haijui ni nani anayesema, ila imeambiwa. Ukiwa umeyakumbuka maneno haya, umekwisha fahamu nusu ya kazi yangu.

Sasa nitawaeleza yaliyotokea. Mwaka 2014 ofisi mbili ziliunganishwa zikawa moja, nami nalikuwa karani katika ofisi ya pili. Sitayataja majina yake, wala majina ya mitambo iliyotumiwa, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Kila ofisi ilikuja na mtambo wake wa barua na kalenda, na mitambo hiyo haikusikilizana. Aliajiriwa fundi kutoka nje, akaweka kiungo katikati, yaani programu ya kuchukua miadi huku na kuipeleka kule. Alifanya kazi siku tatu, akajaribu barua, barua zikafika. Akalipwa akaenda zake.

Kwa muda wa wiki mbili baada ya hapo watu walikuwa wakilaumiana. Huyu amechelewa mkutanoni, yule hakuja kabisa, mwingine amefika kabla ya wakati akakuta mlango umefungwa. Kila mmoja alidhani mwenziwe ni mvivu. Wa ofisi ya kwanza walisema kwamba sisi wa ofisi ya pili hatukuzoea kazi. Hakuna aliyeishuku kalenda, kwa kuwa kila mtu aliiona yake ikiwa safi, yenye mistari iliyonyoka na saa zilizoandikwa vizuri.

Moja ya kazi za ofisi yetu ilikuwa kutoa msaada wa ada kwa vijana waliomaliza kidato cha sita ambao wazazi wao hawakuweza kuwalipia chuoni. Mwaka ule kulikuwa na nafasi nne. Vijana 12 walichaguliwa kuja mbele ya kamati kuulizwa maswali, siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Tisa walikuwa wameomba katika ofisi ya kwanza, nao waliandikiwa barua na ofisi hiyo. Watatu walikuwa wameomba kwetu, na barua zao zilitoka kwetu, kwa kuchukua saa iliyokuwa imeandikwa katika kalenda yetu.

Siku ya Jumatano nalikuwa nimekaa mapokezi. Mmoja wa wale watatu alikuwa amefikia kwa mjomba wake mjini, naye kwa kuogopa msongamano wa magari alifika mapema mno, saa moja na nusu. Aliitwa pamoja na wengine, akajibu maswali, akaenda zake. Saa nne aliingia binti mmoja aliyetoka Songea. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi, akashuka Ubungo usiku, akalala kwa ndugu. Wakati huo mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole lakini mwenye kushika saa sana, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mkutano.

"Shikamoo, Mzee," alisema yule binti, akataja jina lake.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wafika sasa? Tumekuita mara mbili. Jina lako limekwisha pigwa mstari."

"Sikuchelewa, Mzee. Nimewahi kwa saa nzima."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi aliyoipiga chapa katika duka la intaneti huko kwao. Mzee aliisoma, akanipa mimi. Karatasi ilitoka ofisini kwetu, nayo iliandikwa saa 11:00, yaani saa tano asubuhi.

Mzee akasema, "Kompyuta haisemi uongo. Yawezekana karatasi hii ni ya mkutano mwingine."

Nalitazama karatasi, nikatazama orodha ya kamati. Huku 08:00, kule 11:00. Tofauti ilikuwa saa tatu kamili, bila ya dakika kupungua wala kuzidi. Hapo nalikumbuka somo la jiografia nililolipata katika shule hii hii. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki ya Greenwich, na 45 ukigawa kwa 15 hupata 3. Mtu akikosea saa kwa kusahau, hukosea kwa dakika 20 au kwa saa moja na robo. Kosa la saa tatu kamili lilikuwa limetoka Greenwich.

Nalimwomba Mzee dakika kumi. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaifungua ile miadi na kuyasoma maandishi yake ya ndani, ambayo mtu wa kawaida hayaoni. Mtambo wa kwanza ulikuwa umeandika saa kwa tarakimu 080000 peke yake, pasipo kutaja ni saa nane za wapi. Mtambo wetu, ulipopokea saa isiyo na mahali, ulidhani kuwa ni ya Greenwich, ukaongeza tatu ili kuileta Dar es Salaam. Nalichapa karatasi hiyo nikampelekea Mzee, nikamwonyesha kwa kidole. Aliitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akasema na wenzake. Walikuwa wamekwisha agiza chai, lakini waliketi tena, na yule binti akaitwa. Maswali waliyomwuliza siyajui. Najua tu kwamba orodha ya wanne ilipotolewa, jina lake lilikuwamo.

Kijana wa tatu hakupata hivyo. Yeye alifika langoni saa nne kasoro robo. Askari wa mlangoni alikuwa na orodha ya kamati iliyosema saa mbili, akamwambia, "Umechelewa, kijana wangu, wenzako wameingia zamani." Kijana aliona aibu, akageuka akaenda zake. Karatasi yake ilikuwa mfukoni, nayo ilisema saa tano, hakuitoa. Nalipopata habari hiyo kwa askari ilikuwa adhuhuri. Tulipiga simu, lakini nambari aliyoiandika ilikuwa ya jirani yao, na jirani alikuwa safarini. Tulimpata Jumamosi. Kamati ilikuwa imetakiwa kutoa majina siku ya Ijumaa, na nafasi nne zilikuwa zimekwisha. Mwaka uliofuata aliomba tena, akapata. Lakini mwaka mmoja wa ujana wake ulikuwa umekwenda, na mwaka ukienda haurudi.

Baada ya hapo Mzee alitaka nisaidiane na karani mmoja wa ofisi ya kwanza, bibi mmoja hodari sana, tuitengeneze habari hii mpaka iishe. Kazi ilituchukua majuma sita. Nitaeleza makosa tuliyoyakuta, kwa kuwa ndiyo yanayokutwa mahali pengi ambapo kalenda mbili zimekutanishwa.

Kosa la kwanza ni hilo la saa isiyo na mahali. Iko kanuni ya kuandika miadi ambayo mitambo mingi huifuata, iitwayo iCalendar, nayo huruhusu namna tatu. Yaweza kuandikwa saa ya Greenwich, ikatiwa herufi Z mwishoni. Basi saa mbili yetu ya asubuhi huandikwa 050000Z. Yaweza kuandikwa saa ya mahali pamoja na jina la mahali penyewe. Au yaweza kuandikwa saa tupu, yenye maana ya saa hiyo po pote alipo msomaji. Hii ya tatu yafaa kwa mtu anayetaka kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi ye yote na mahali po pote atakapokuwa. Kwa mkutano wa watu wengi ni hatari. Tuliamuru kila miadi ipite katika kiungo kwa saa ya Greenwich yenye herufi Z, kisha kila kalenda imwonyeshe mwenyewe saa ya kwao.

Kosa la pili lilihusu sikukuu. Siku nzima kwa mtambo mmoja ilikuwa ni siku tu, yenye tarehe na basi. Kwa mtambo wa pili ilikuwa ni muda wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Siku ilipopita katika kiungo ilisogezwa saa tatu kama miadi mingine. Kwa hiyo sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, ilianza kwetu saa tisa usiku na kuendelea mpaka saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 10, na kalenda ikatuonyesha kwamba ofisi imefungwa siku mbili. Kosa hilo, wasomaji wangu, halikulalamikiwa na mtu.

Kosa la tatu lilikuwa katika majina. Kila miadi hupewa alama yake ya siri, mfano wa nambari ya mtihani, ili ikibadilishwa ijulikane kuwa ni ile ile. Kiungo chetu kilikuwa kikiipa kila miadi alama mpya njiani. Basi mtu akisogeza mkutano kutoka Jumanne mpaka Alhamisi, upande wa pili haukuutambua. Ulidhani umepata mkutano mwingine, ukaandika wa Alhamisi na kuuacha wa Jumanne pale pale. Watu walikwenda siku zote mbili.

Kosa la nne lilikuwa kama mwangwi wa mlimani. Miadi ilitoka kwetu ikaenda kwao. Kiungo kikaiona kwao, kikadhani ni mpya, kikairudisha kwetu. Huku nako ikaonekana mpya, ikapelekwa tena. Jumatatu moja tulikuta mkutano mmoja umeandikwa mara saba. Dawa yake ni kuitia nakala alama, ili kiungo kikiikuta kijue kwamba hiyo ni nakala, isirudishwe.

Kosa la tano ni la juma lenyewe. Katika maandishi ya iCalendar ya mwaka 1998 mna mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa hisabati aujaribu. Chukua mkutano ulioanza Jumanne tarehe 5 Agosti 1997, nao ni wa Jumanne na Jumapili, kila baada ya juma moja kuruka. Ukisema juma huanza Jumatatu, mikutano minne ya kwanza itakuwa tarehe 5, 10, 19 na 24. Ukisema juma huanza Jumapili, itakuwa tarehe 5, 17, 19 na 31. Amri ni moja, na tarehe ni mbalimbali. Hapo niliona kwamba ule mchezo wetu wa Jumatano na Alhamisi si mchezo.

Makosa hayo matano tuliyatengeneza kwa majuma mawili. Majuma manne yaliyobaki yalikwenda katika jambo ambalo si la kompyuta. Ilibidi kuamua kwamba, kalenda mbili zikipingana, ipi ndiyo ya kweli. Wakubwa wa ofisi zote mbili walitaka iwe yao. Walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kila mmoja alidhani fahali wa kuondoka ni mwenziwe. Yule bibi ndiye aliyepata shauri. Alisema kila miadi iwe na kwao: aliyeiweka ndiye mwenyewe, na kwingine kote iwe nakala ya kusomwa tu, isiyoweza kubadilishwa. Mwenye kutaka badiliko amwendee mwenyewe. Wakubwa walikubali, maana hakuna aliyeshindwa. Tena tuliagiza kwamba kila barua ya kuita watu iandikwe saa kwa namna mbili, mfano: saa mbili asubuhi, yaani 08:00, saa za Dar es Salaam. Na askari wa mlangoni apewe orodha ile ile, na aagizwe kuiomba karatasi ya mgeni kabla ya kumwambia kwamba amechelewa.

Nisingependa mdhani kwamba taabu hii ni ya ofisi yetu tu, au ya nchi zetu tu. Mwaka 2005 Marekani ilipitisha sheria ya kubadili siku ya kusogeza saa zao wakati wa kiangazi, na mwaka 2007 sheria ikaanza kutumika. Zamani walisogeza Jumapili ya kwanza ya Aprili. Mwaka huo walisogeza tarehe 11 Machi. Kompyuta ambazo hazikuwa zimefundishwa sheria mpya zilikosea kwa saa moja kwa muda wa majuma matatu, na kampuni za kompyuta zilikuwa na kazi kubwa ya kutoa marekebisho. Sisi Tanzania hatusogezi saa, lakini anayefanya kazi na watu wa Marekani au Ulaya hana budi kukumbuka kwamba wao husogeza, wala hawasogezi siku moja.

Na ile kanuni ya iCalendar ina habari njema ndani yake. Ilitolewa mwezi wa Novemba 1998, na watu wawili walioiandika walikuwa Bwana Frank Dawson wa Lotus na Bwana Derik Stenerson wa Microsoft. Wakati huo kampuni zao zilikuwa zikishindana vikali kwa wateja. Hata hivyo watu hao waliketi wakaandika maneno ambayo mitambo yote miwili, na ya watu wengine, ingeweza kuyasoma. Kanuni ilirekebishwa mwaka 2009. Mwaka 2007 ilitoka nyingine, iitwayo CalDAV, ya kuwezesha kalenda moja iliyohifadhiwa mahali pamoja kusomwa na kuandikwa na programu mbalimbali. Haikuondoa taabu zote, lakini ilizipunguza sana. Notes yenyewe imepita mikononi mwa IBM, iliyoinunua Lotus mwaka 1995, na tangu mwaka 2019 ni mali ya HCL, kampuni ya India. Wenye mali hubadilika, na kanuni iliyoandikwa vizuri hubaki ikiwatumikia wote.

Basi wanafunzi, nina maneno matatu kwenu. La kwanza, msidharau somo lo lote. Kosa letu halikugunduliwa kwa ujuzi mkubwa wa kompyuta, bali kwa hesabu ya kugawa 45 kwa 15. La pili, mnapomwambia mtu saa, mwambieni na mahali pake. Na mnapoambiwa saa tupu, ulizeni. Kuuliza si ujinga. La tatu ndilo kubwa. Mtu akikuambia umekosa, nawe una karatasi mfukoni, itoe. Itoe kwa adabu, kwa sauti ya chini, lakini itoe. Yule binti na yule kijana walikuwa na karatasi moja, yenye saa moja, iliyotoka kwa mtambo mmoja. Tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja alifungua mkoba.

Kwenu wazazi, nawaomba muwazoeze watoto kusema mbele ya wakubwa bila ya ukali na bila ya hofu. Heshima haimkatazi mtoto kusema kweli, na mkubwa mwema, kama Mzee wetu, hufurahi kuisikia. Kwa walimu wangu nasema ahsanteni. Somo mlilonipa nalilihitaji miaka mingi baadaye, siku ambayo sikuitazamia, na lilikuwapo.